Nguzo Mbele ya Dirisha la Bibi

Nyumbani kwangu,
Ghorofa ya tatu, mlango wa bluu,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka Mbiu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, ambaye bado ni mfupi na bado ana maneno mengi. U hali gani huko kwenye baridi? Kifua kimepona? Shangazi ananiambia ulimkoholea kwenye simu kama pikipiki inayogoma kuwaka, na tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza mimi habari za kifua chako, kana kwamba unalala chumba cha pili. Tafadhali vaa soksi mbili. Sisi huku ni wazima, ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Na kazi ya lifti inakwendaje? Najaribu kukuona umevaa kofia ngumu, umeingia kwenye shimo la lifti na tochi mdomoni, lakini siwezi. Kichwani mwangu wewe bado una kaptura iliyotoboka nyuma, umesimama juu ya jiwe, unapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inatoka.

Sasa sikiliza. Najua tabia yako ya kusoma barua kuanzia mwisho, eti ujue kwanza kama kuna msiba ndipo urudi kwenye salamu. Msiba hakuna. Kwa hiyo mara hii soma kwa mpangilio, maana habari ni za Bibi, na nataka zikufikie kama zilivyonifikia mimi, moja baada ya nyingine. Usinifanyie ukaidi.

Sijui kama bado unaiona ile kona. Mimi naiona kila siku, na sasa nalipwa mshahara kwa kuiona. Barabara inashuka kutoka machimbo ya kokoto, inauzunguka mwamba, halafu ghafla inaingia kwenye daraja ambalo waliolijenga walidhani dunia nzima ina gari moja tu. Anayeshuka hamwoni anayepanda. Anayepanda hamwoni anayeshuka. Nyumba pekee inayoziona pande zote mbili ni ya Bibi, na ndani ya nyumba hiyo ni dirisha moja, lile la cherehani.

Watu wanasema Bibi aliianza ile kazi kwa huruma. Uongo mtupu, na wewe unajua. Aliianza kwa hasira. Basi na lori la mbao vilikutana katikati ya daraja, madereva wote wawili wakakataa kurudi nyuma, wakatukanana chini ya dirisha lake asubuhi nzima, naye alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza siku hiyo hiyo. Alipochoka akatoka na mkasi mkononi, akawapanga. Kesho yake akafunga fimbo mbili nje ya dirisha, moja ikitazama juu, nyingine ikitazama chini. Kitambaa chekundu, subiri. Cheupe, pita. Dereva akikaribia mwamba anapiga honi, Bibi anaacha mshono, anatazama upande wa pili, anamjibu. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemzuia.

Na siku za ukungu, vitambaa visipoonekana, tuliajiriwa mimi na wewe. Wewe kwenye jiwe lako juu, mimi kwenye ncha ya daraja, Bibi dirishani katikati. Anasema yeye, tunapaza sauti sisi. “Lori la mbaooo! Linashukaaa!” Sauti yako ilikuwa ikifika hadi machimboni, ndiyo maana madereva wakakuita Mbiu, na mimi, niliyekuwa nikiongeza maneno yasiyohitajika, wakaniita Chiriku. Nilikuwa nikiwaambia madereva hata rangi ya gari linalokuja na kama dereva wake amenyoa. Bibi akaniambia nitakuja kusababisha ajali kwa umbea.

Unakumbuka mchezo wetu wa kitandani? Tunafumba macho, tunasikiliza. Hilo la maziwa. Hilo la mbao. Hilo la yule anayeua gia ya pili kwa kuikwaruza. Wewe hukukosea hata mara moja, au ulikuwa unadanganya na mimi nikawa naamini. Nakumbuka machungwa waliyokuwa wakiturushia, na magazeti ya juzi ambayo Bibi aliyageuza ruwaza za kukatia nguo, kwa hiyo wateja wake walipimiwa suruali kwa habari za bungeni. Nakumbuka harufu ya mafuta ya cherehani ikichanganyika na ya breki zilizoungua. Mpaka leo nikinusa breki iliyoungua nasikia njaa, kwa sababu saa ile malori yaliposhuka ndipo Bibi alipopakua chakula.

Niliulizwa kwenye usaili wa kazi kwa nini napenda mambo ya barabara. Nikasema hisabati. Ningewaambia nini, kaka?

Basi, kazi yenyewe. Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli nalipwa kuongea na nguzo, ukacheka mpaka simu ikakatika. Ni kweli. Kitengo chetu kinapanga namna gari na barabara zitakavyozungumza. Tunasimamisha nguzo kando ya njia, na juu ya nguzo kuna sanduku. Gari lenye kifaa kwenye dashibodi linalitumia sanduku habari zake: mimi hapa, mwendo wangu huu, nina mzigo. Sanduku linajua nani anakuja upande wa pili, na linamjibu dereva kwa sauti: subiri, au pita. Gari lisilo na kifaa linatambuliwa na vyuma vilivyofukiwa chini ya lami, na dereva wake anaisoma taa ya nguzoni. Mimi ndiye ninayepanga barabara iseme nini, wakati gani, na kwa maneno machache kiasi gani. Ndiyo, mimi, wa maneno machache. Cheka umalize, nakusubiri.

Mkuu wetu wa kitengo tunamwita Rasimu, kwa sababu hajawahi kukutana na karatasi ambayo imekamilika. Tulikaa kikao kizima kubishania neno moja. Yeye alitaka sanduku liseme: “Ndugu dereva, unaombwa kwa heshima kusubiri.” Nikamwambia mzee, huyo ndugu dereva akimaliza kuheshimiwa atakuwa ameshaingia mtoni. Tukapiga kura. Ikapita “Subiri.”

Rasimu alitaka jaribio la kwanza lifanyike kwenye makutano makubwa ya mjini, pale wageni wanapoweza kuliona kutoka kwenye madirisha ya ofisi. Mimi nikapigania kona yetu. Nilisema pale mjini kuna taa, kuna askari, kuna kamera. Kule kuna bibi mmoja na fimbo mbili. Nilisema mengine mengi ya kitaalamu. Akakubali, nadhani kwa sababu mchoro wa daraja letu ulienea kwenye ukurasa mmoja.

Lakini kwako siwezi kuleta utaalamu. Nililitaka jaribio lile kwa sababu ya macho ya Bibi. Unajua daktari wa macho alivyosema: ni presha ya macho, inakula kuanzia pembeni, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaokolewa kwa operesheni, mapema, hospitali ya mjini. Unajua pia Bibi alivyosema: “Niende mjini nikajilaze, na hawa wa barabarani nawaachia nani?” Shangazi alilia. Mimi nilinuna. Wewe ulimbembeleza kwenye simu, akakuambia mtandao mbaya hasikii, na mtandao siku ile ulikuwa safi kama maji ya mtungi.

Kitu ambacho hukuambiwa, kwa sababu tulikuhurumia, ni jambo la basi la umeme. Mabasi hayo mapya yameanza kupita kwetu, mazuri, yana viti vya kitambaa, lakini yanatembea kama paka. Na Bibi, kaka, kwa muda mrefu alikuwa haangalii tena. Alikuwa anasikiliza. Ule mchezo wetu wa kitandani ndio uliokuwa kazi yake, na sisi hatukujua.

Siku hiyo Tani, yule dereva wa lori la saruji ambaye zamani alikuwa utingo mwembamba na sasa ana tumbo la kupakia, alipiga honi akiwa upande wa chini. Bibi akatega sikio juu. Kimya. Akatoa cheupe. Na juu lilikuwa linashuka basi la umeme, dereva wake mgeni, hajui habari za honi. Wakakutana mdomoni mwa daraja. Tani alikanyaga breki mpaka saruji ikahama, bampa ikagonga ukingo, taa moja ikavunjika. Abiria walipiga kelele tu. Hakuna aliyeumia.

Tani hakumlaumu. Aliokota vipande vya taa yake, akampungia mkono dirishani, akaondoka. Bibi mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. “Chiriku,” akasema, “kuna gari limepita bila sauti. Mimi nimezeeka, au magari ndiyo yamekufa?” Tangu siku hiyo akawa anaweka nyekundu pande zote mbili, anasubiri mpaka awe na hakika, na foleni inafika machimboni. Lakini kuondoka, hataki. Akawa anasema akiondoka ndiyo watagongana kabisa. Nami kila usiku nikilala nahesabu mambo mawili: ama kona itaua mtu, ama jicho la Bibi litazimika lote, na yote mawili yalikuwa yanakimbia kuliko ofisi yetu.

Tukasimamisha nguzo. Moja juu, moja chini, moja mbele ya dirisha la Bibi kabisa, kwa sababu pale ndipo pande zote zinapoonekana. Bibi aliifuatilia tangu wanachimba shimo. Akawapa mafundi maji ya kunywa, akawashonea vifungo vya ovaroli, na hakuuliza hata swali moja, jambo ambalo lilinitisha.

Jaribio likaanza, likawa aibu tupu. Sanduku linasema subiri, Bibi kaweka cheupe: madereva wanapita. Sanduku linasema pita, Bibi kaweka nyekundu: wanasimama, wanazima injini, wanafungua gazeti. Nilimsimamisha Tani nikamuuliza kwa nini, na kifaa kimo kwenye lori lake, kinazungumza. Akanitazama kwa huruma. “Dada,” akasema, “mashine yenu nimeijua wiki iliyopita. Bibi nimemjua nikiwa utingo.” Nikamkumbusha ajali iliyomkosa kidogo. Akasema, “Kwani mama yako akikosea siku moja unabadilisha mama?”

Mzoea punda hapandi farasi, nikaandika hivyo kwenye ripoti. Rasimu akaifuta.

Haya, subiri kuna kubwa zaidi. Siku ya Rasimu kuja kukagua, tulipanda pikapu ya ofisi. Anayeendesha ni fundi mitambo wetu, aliyelifunga lile sanduku kwa mikono yake mwenyewe. Mimi kando yake, niliyeyapanga maneno yake. Rasimu nyuma na makaratasi. Tukafika mwamba, fundi akapiga honi, kwa mazoea ya wiki mbili tu za pale. Sanduku likasema, wazi kabisa, “Subiri.” Dirishani kikatoka cheupe. Na fundi akaingia darajani! Na mimi, kaka yangu, mkono wangu wa kulia ulikuwa tayari umeshamwonyesha apite. Tulipofika katikati ndipo tukasikia Rasimu nyuma akiuliza taratibu, “Hilo sanduku, limesema nini?” Bahati, aliyekuwa anakuja ni mtu wa mkokoteni wa chuma. Fundi alifuta jasho kilomita nzima.

Rasimu hakugomba. Ningependa angegomba. Aliandika tu kwamba watumiaji wa njia hawauamini mfumo, wakiwemo waliouunda, na kwamba nguzo zing'olewe mwisho wa mwezi zipelekwe mjini. Alisema jaribio haliwezi kupimwa mahali penye sauti mbili. Nilimchukia njia nzima ya kurudi, kwa sababu alikuwa na haki.

Kwa hiyo ilibidi nikamwambie Bibi. Hakukuwa na mwingine. Shangazi alisema ana shinikizo la damu, na wewe, asiyekuwepo na lake halipo. Nilimkuta kwenye cherehani anajaribu kutunga uzi. Unakumbuka alivyokuwa akitunga bila kutazama, huku anatukaripia? Sasa alikuwa anaipapasa sindano, uzi unapita kando, anaulamba, anarudia. Nikataka kumsaidia, akausogeza mkono wangu.

Nikasema yote kwa mara moja, kama nilivyozoea. Kwamba mashine ni nzima. Kwamba inayasikia hata magari yasiyo na sauti. Kwamba madereva hawatalisikiliza sanduku hata siku moja maadamu kitambaa kipo, na kitambaa hakuna awezaye kukishusha isipokuwa yeye.

Aliuzungusha uzi kidoleni, nje maji ya mtoni yakisikika. Halafu akasema, “Kwa hiyo anayeziba njia ni mimi.”

Kaka, nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kusema hapana Bibi, si hivyo Bibi. Akasema, “Nyamaza, mke mwenzangu. Umesema kweli, usiiharibu.” Akaweka sindano chini. “Lakini kazi haiachwi kwa kutoroka. Inakabidhiwa. Nipe kesho.”

Kesho yake akavaa lile gauni lake la kola nyeupe, la sherehe, akabeba kiti mwenyewe akakiweka chini ya nguzo. Akaipapasa nguzo juu hadi alipofikia, kama anavyompima mteja. Akanihoji mbele ya mafundi.

“Huyu analala?”

“Halali, Bibi.”

“Anakula nini?”

“Jua. Na jua likizama ana akiba.”

“Akiugua?”

“Akiugua anatutumia ujumbe ofisini, na anawasha nyekundu pande zote mpaka tuje.”

Akaitikia kwa kichwa. “Vizuri. Mimi nilipougua sikumwambia mtu.”

Halafu akaketi, na kila gari lililofika akalisimamisha yeye mwenyewe, kwa mkono. Malori, mabasi, gari la maziwa, hata lile basi la umeme, ambalo alilijua kwa sababu sanduku, tulilolifungulia sauti siku hiyo, lilitangulia kulitaja. Kila dereva alimwita kwa jina lake la utani, na kila mmoja alimwambia maneno yale yale: “Kuanzia kesho usinitazame mimi. Msikilize huyu. Nimemkagua, ana adabu.” Walishuka, kaka. Watu wazima na funguo mikononi, wakasimama kwenye foleni barabarani kumpa mkono mshona nguo. Kuna mmoja hatukumtambua, mvi tupu, akasema yeye ndiye yule wa kuua gia ya pili. Bibi akamwambia, “Bado unaiua, nilikusikia tangu kule juu.”

Tani ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alivua kofia akaikunjakunja. “Bibi, sasa tukipita hapa tusipige honi?” Bibi akamjibu, “Pigeni mkitaka. Lakini iwe salamu, isiwe swali.”

Jioni akaingia ndani, akavuta vitambaa vyote, akavinusa, akasema vyeupe vinatoa foronya nzuri, vyekundu vimechujuka havifai hata kwa kudekia. Akafunga dirisha. Mimi nilikwenda nje nikajifanya nakagua nyaya, nikalia kama mtoto. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, na nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nipate akili lile dirisha lilikuwa limefungwa kabla ya giza kuingia.

Wiki iliyofuata hakuna aliyekosea. Wanafika, macho yanakwenda kwanza dirishani, yanakuta mbao, yanarudi kwenye nguzo, wanatii. Rasimu amekubali nguzo zibaki. Ameandika “imeridhisha,” neno ambalo fundi mitambo anasema hajawahi kuliona kwenye maandishi yake.

Nisikuweke roho juu: operesheni imefanyika Jumatano, jicho la kwanza, na presha imeshuka. La pili wiki ijayo. Daktari anasema alichonacho atabaki nacho. Yuko hapa kwangu, amelala chumba cha pili na bendeji yake, ameshawagombeza majirani wa ghorofa ya pili kwa jinsi wanavyoegesha gari. Anasema mume wake wa ng'ambo anasubiriwa. Bendeji zikitoka anataka kuhakikisha kwa macho yake kama kweli umenenepa kama Shangazi anavyotangaza, au ni chuki tu.

Lakini nilichotaka kukuandikia hasa ni cha siku ya kuondoka. Nilimweka kiti cha mbele, mkoba wake mapajani, kifaa mbele yake kwenye dashibodi. Tangu tuhame mimi na wewe, Bibi hakuwahi kulivuka lile daraja ndani ya gari. Alivuka kwa miguu, na kwa miguu huombi ruhusa. Tukauzunguka mwamba. Kifaa kikasema, “Subiri.”

Nikasimama. Bibi akageuza uso kuelekea ile sauti, akaweka mikono juu ya mkoba kama mtu aliye mbele ya daktari. Tukasubiri. Hakusema neno, na mimi pia sikusema neno, amini usiamini. Lori likapanda likapita kando yetu, likatupigia honi moja fupi. Maji yakasikika tena. Ndipo kifaa kikasema, “Njia nyeupe. Pita.”

Bibi akainamisha kichwa kidogo. “Ahsante, mama,” akakijibu. “Tunapita.”

Tulipofika ng'ambo niliona machozi yanamtoka, yale macho yenyewe mabovu. Nikapunguza mwendo nikamuuliza kama yanamuuma. Akasema hapana. Akasema, “Kumbe ndivyo walivyokuwa wakijisikia.”

“Wakijisikiaje, Bibi?”

“Kwamba kuna mtu anajua unakuja.”

Nimeliweka neno hilo kwenye ripoti, kwenye sehemu ya faida za mfumo. Rasimu akalifuta. Nimelirudisha.

Basi, kaka, karatasi inaisha na Bibi anaita. Shangazi anakusalimu na anauliza kifua. Fundi mitambo, usiyemjua, anakusalimu pia, kwa sababu nimemchosha kwa habari zako. Msalimie wifi yangu na wanangu, uwabusu wote, yule mdogo mara mbili. Tani anasema ukija upitie njia ya juu, upige honi. Mungu akulinde kwenye mashimo ya lifti, na kila mlango unaoufungua huko ukufungukie kwa heri.

Wako akupendaye, asiyeweza kufupisha maneno hata kwa kura ya kikao,

Mdogo wako, Chiriku.